Niliuziwa "Gold Star", kumbe B33: uzoefu wangu na huduma ya kuhakiki injini za BSA

Huduma hii ya kuhakiki namba za injini za BSA, pikipiki za Kiingereza, naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyowanyima ni kwa ajili ya fomu yao, nitaifikia. Pesa nilizopoteza zisihesabiwe kwao, nilizipoteza mwenyewe kabla hata sijawajua.

Naishi Coventry, kazi yangu ni ufundi wa mabasi, na ugonjwa wangu ni pikipiki za Kiingereza za zamani. Oktoba iliyopita nilikwenda kwenye soko la vipuri, lile la watu kupanga vyuma juu ya turubai kama mitumba ya Karume. Nikakuta injini ya silinda moja imelala kwenye paleti, oili imeganda, kabureta haina. Ubavu wa kushoto, chini kidogo ya silinda, pamegongwa DBD34GS na tarakimu nne mbele yake.

Anayeijua BSA akiona herufi hizo mapigo ya moyo yanabadilika. DBD34 ndiyo toleo la mwisho la Gold Star ya asili ya cc 500, pikipiki ya BSA inayotafutwa sana, iliyotengenezwa Small Heath, Birmingham, kuanzia 1956 hadi 1963. Jina lenyewe lilitoka kwenye beji. Mwaka 1937 mwendesha pikipiki wa mashindano Wal Handley alizunguka uwanja wa Brooklands akiwa juu ya BSA kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, akapewa nyota ya dhahabu, na kiwanda kikaichukua nyota hiyo kuwa jina la pikipiki. Muuzaji alitaka pauni 2,600. Kwa Gold Star, bei hiyo ilitosha kunishtua kwa udogo wake. Sikushtuka, nikalipa.

Nilidhani nimejihami. Nilikuwa na sumaku mfukoni, nikaigusisha kwenye silinda na kwenye hedi, haikushika. Aluminiamu. B33, ile ya kawaida ya kwendea kazini, silinda yake ni chuma cha kusubu na sumaku ingeng'ang'ania. Nyumbani nikafungua hedi (kwa spana za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza; za milimita zingenila nati zote), nikapima kipenyo cha silinda: milimita 85. Mwendo wa pistoni: 88. Ukipiga hesabu unapata cc 499. Nikampigia mdogo wangu Tanga, yeye anaendesha bodaboda, nikamsimulia kwa mbwembwe zote.

"Kaka, hongera. Kwani kadi yake inasemaje?"

Nikamwambia injini tupu haina kadi.

"Sasa umejuaje ni yenyewe?"

Nikacheka. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikaanza kusoma, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba B33 nayo ni 85 kwa 88. Kipimo kilekile! Ukichukua sehemu ya chini ya B33 ukaivisha silinda na hedi ya Gold Star, sumaku yako na kalipa yako ya kupimia vitakusifia tu.

Ndipo nikaitafuta klabu moja ya wapenzi wa pikipiki kongwe hapa Uingereza, yenye nakala za madaftari ya kiwanda: namba ya injini, namba ya fremu, tarehe ya kutoka na ilikopelekwa. Ada ilikuwa pauni 35. Walitaka picha ya namba kwa karibu na picha za pande zote mbili za kasha la krenki, yaani sehemu ya chini ya injini. Pia walitaka niweke karatasi nyembamba juu ya namba na kuisugua kwa penseli hadi tarakimu zijitokeze. Wakaonya kwa herufi kubwa: usiguse namba kwa brashi ya waya. Hilo onyo peke yake lina thamani ya pauni kumi, maana brashi nilikuwa nayo mkononi.

Fomu sasa. Inalazimisha namba ya fremu, na bila kuijaza haiendi. Mimi nina injini tu. Niliandika "sina", ikanikatalia mara tatu, mwishowe nikaweka sifuri nyingi. Barua pepe zao nazo ni kavu, kama za mtu anayelipia kila neno.

Wiki tatu zikapita, jibu likaja, kurasa mbili. Namba ipo kwenye daftari: ilitoka Small Heath mwaka 1960 kwenda Marekani, kwenye pikipiki ya Catalina, Gold Star ya mashindano ya vumbi. Mstari huo niliusoma nimesimama. Wa pili ulinikalisha: umbo la tarakimu halifanani na la vyuma vya kugongea vya kiwanda, na sehemu ya namba iko chini kuliko kasha linaloizunguka, maana yake imepigwa tupa. Wakaniomba niimulike kwa tochi kutoka ubavuni.

Nikazima taa ya gereji. Nikalaza tochi karibu igusane na chuma, nikashika kioo cha kukuza. Chini ya D ya kwanza palikuwa na kivuli cha tumbo mbili, tumbo la juu na tumbo la chini. B. Pembeni yake B nyingine, hafifu kama alama ya kucha kwenye sabuni. BB33, yaani injini ya B33 ya katikati ya miaka ya 1950. Tupa ilikula kina cha herufi ila haikufika mwisho.

Ninachowapongeza hawa watu ni kwamba hawakuishia kwenye daftari. Daftari peke yake lingenipa cheti cha injini ambayo labda iko California mpaka leo. Waliangalia chuma.

Muuzaji nilimtumia nakala ya barua. Alirudisha pauni 1,300 bila neno, na simu yangu hapokei tena. Silinda na hedi ni za Gold Star kweli, kwa hiyo sijatoka mikono mitupu. Naiunga hivyohivyo, na nyaraka nitaziandika B33.

Jamaa wa Leicester ananiuzia BSA M20 ya jeshi, namba inaanza na WM20. Safari hii picha zimeshatumwa, pauni 35 nyingine zimelipwa, na yeye bado hajaona hata senti yangu. Kwenye fomu nimejaza namba ya fremu.