Ile hadithi ya simu ya kuingia PP1: imetusaidia, lakini geti nusura itumalize

Kama uko Kisumu na una mtoto anaingia PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) Januari, hii inakuhusu. Kijana wangu ana miaka 4, amelelewa na dani (nyanya yake) hapa Manyatta, na mara ya kwanza tulimpeleka shule alilia wiki mbili mzima mpaka nikamrudisha nyumbani.

Hii shule ya sasa (jina nabana, mtaona kwa nini) iko na mwalimu anatengenezea kila mtoto hadithi yake kwa simu kabla shule ifunguliwe. Mia tano, unalipa na Mpesa. Tulienda Jumamosi moja ya Novemba, akampa kijana simu apige picha mwenyewe: mlango wa darasa, choo, sufuria ya uji, na mbuzi wa jirani ambaye hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Geti tu ndio alipigiwa na mwalimu. Halafu wakakaa chini ya mwembe, anaulizwa hapa kuna nini, anajibu, sauti inarekodiwa. Picha 9 na dakika mbili hivi. Ya mwisho ni mimi nikikuja kumchukua, na hiyo ndio alikuwa anairudisha rudisha Disemba yote, "mama amekuja", "mama amekuja", mpaka dani akaishika kwa kichwa.

Kitu nilipenda sana, hakulazimishwa Kiingereza. Anaanza na Kiswahili anamalizia na Dholuo, mwalimu anaacha tu. Na ndio venye inafaa, watoto wa PP1 wanatakiwa kufunzwa kwa lugha ya mahali wanaishi, lakini shule nyingi za tauni ukiingia hata salamu ni Kiingereza. Mwalimu pia alinionyesha African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, ni ya bure, hadithi za Kiswahili na za Dholuo ziko, tukaongezea hizo jioni.

Sasa shida. Kwanza hiyo hadithi inakuja kama video na ni nzito, bando yangu iliisha katikati. Ya pili ndio kubwa. Siku ya kufungua tunafika, kumbe likizo walipaka geti rangi, ile ya bluu sasa ni kijani na hakuna mzazi aliambiwa. Kijana akakataa kushuka kwa boda. "Hii si yangu." Mimi kwa ujanja wangu nikatoa simu nimwonyeshe hadithi, nikaharibu kabisa juu huko ndani geti bado ni bluu!

Mwalimu akatoka na kikombe cha uji mkononi, hakubishana na yeye, akampa simu yake apige hiyo geti picha, akamuuliza imefanyaje. Kijana akaiangalia weee, akasema "imevaa yunifomu". Ikarekodiwa hapo hapo, akashuka, akaingia.

Nyota 4. Ya 5 nitatoa wakinitumia ile mpya, maana kwa simu yangu geti ni bluu mpaka leo na kijana ananiuliza kila jioni.