Pumu kwa vijana: dawa ya kutuliza au ya kuzuia?

Uchunguzi wa kimataifa wa ISAAC, uliowahoji vijana wa miaka 13 na 14 kuanzia miaka ya 1990, ulionyesha dalili za pumu zikipungua Uingereza huku zikiongezeka katika sehemu nyingi za Afrika. Kwa hiyo mzazi wa Mbeya au Makete hana budi kujua tofauti ya dawa mbili za kuvuta.

Salbutamoli, dawa ya kutuliza ambayo kwa kawaida huwa katika kopo la buluu, hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, na asubuhi ya Julai yenye baridi kali, binti anapoinama kando ya mafiga huku kifua kikilia kama filimbi, ndiyo inayomwokoa. Hata hivyo haiondoi uvimbe uliomo ndani, na nafuu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6.

Beklometasoni, dawa ya kuzuia, huvutwa kila siku, hata mgonjwa akijisikia mzima, nayo hupunguza uvimbe huo polepole. Baada ya kuivuta, mdomo husukutuliwa kwa maji ili kuepuka fangasi.

Tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, haupendekezi salbutamoli pekee kwa wenye miaka 12 na zaidi, nami naafiki kwa moyo wote, kwani inaniuma kuona kijana ameachiwa kopo la buluu tu.