Uzoefu wangu: chanzo gani cha muziki kinafaa kigeuzi cha sauti katika nyumba ya Lamu

Kigeuzi changu cha sauti, kile wapenzi wa muziki wanachokiita DAC, ni kisanduku cha kawaida. Nyuma kina tundu la USB, la waya wa mwanga na la koaksia (waya wa chuma), na usoni kina kidirisha kinachoonyesha kasi ya muziki unaoingia. Kazi yake ni kupokea tarakimu na kuzigeuza ziwe sauti ya kupeleka kwa amplifaya. Hicho nimeridhika nacho. Lililonishughulisha ni kinachokaa nyuma yake: tarakimu zenyewe zitoke wapi? Simu, laptopu, televisheni, mashine ya DVD, kikompyuta kidogo, vyote nimeviunganisha hapa kwetu Mkomani. Naandika kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwa watu wenye kuta nyembamba na stima isiyokatika, na sisi wa Lamu hatumo humo.

Jibu langu nalitanguliza. Nimebaki na Raspberry Pi 4, ndicho kile kikompyuta kidogo, yenye diski ya muziki ubavuni, inayozungumza na kigeuzi kwa USB. Hakuna kingine kilichonipa utulivu kama huo, na sababu zake zinahusu nyumba kuliko masikio.

Kwanza kile kidirisha, maana ndicho kilichonifundisha mengi. Muziki wa CD, tangu zilipoanza kuuzwa 1982, una sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16. Ukicheza faili iliyotolewa kwenye CD, kidirisha kionyeshe 44.1, yaani maelfu ya sampuli kwa sekunde (kHz). Kikionyesha 48, ujue chanzo chako kimeshaufumua muziki na kuufuma upya kabla haujafika kwenye kigeuzi. Simu yangu ya Android ilionyesha 48 kwa kila nilichocheza, kwa sababu mfumo wake hukusanya sauti zote, za muziki na za arifa, na kuzipitisha kwa kasi moja. Zipo programu kama USB Audio Player Pro zinazoukwepa mchanganyiko huo, na zinafanya kazi vizuri. Televisheni nayo ilitoa 48 tu kwenye tundu lake la mwanga. Laptopu ya Windows hufuata kasi uliyoichagua kwenye mipangilio, mpaka utumie programu inayoishika kadi ya sauti peke yake.

Je, sikio linaisikia tofauti hiyo? Ufumaji upya ukifanywa vizuri, ni vigumu kuutambua, na anayekuambia muziki unaharibika kabisa anatia chumvi. Lakini mimi nina kanda za taarabu za marehemu baba, ambazo nimezirekodi kwa biti 24 na 96 kHz ili nisipoteze chochote kilichobaki kwenye utepe. Nazipiga zikichanganyika na CD. Nataka chanzo kinachohama chenyewe kutoka 44.1 kwenda 96 na kurudi, bila mimi kufungua mipangilio kila wimbo unapobadilika. Pi inafanya hivyo. Nakaa kwenye kiti na kuona namba zinageuka.

Laptopu niliipenda kwa urahisi wake, ila ilikuwa na kasoro niliyoshindwa kuivumilia. Nilikuwa nasikiliza udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu hii hii, pale mwanzo ambapo udi unatembea peke yake kabla ya fidla kuingia. Kati ya mpigo na mpigo, mahali pa kimya, ukasikika mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda kila ninaposogeza kipanya. Nilipong'oa chaja ya laptopu, ukatoweka papo hapo. Chaja, waya wa USB na amplifaya vilikuwa vimefanya duara la umeme, na uchafu wa ndani ya kompyuta ukapata njia ya kuingia kwenye sauti. Ukikutana na mlio wa namna hiyo, usikimbilie kununua kigeuzi kingine. Tumia waya wa mwanga kama mashine yako ina tundu hilo. Waya huo, uliobuniwa na Toshiba 1983, hupitisha mwanga tu, haupitishi umeme, kwa hiyo duara hukatika. Kwetu una faida nyingine: hauna chuma cha kupitisha ishara ambacho chumvi ya bahari itakila. Vichwa vya koaksia na USB vya hapa vinahitaji kuchomolewa na kufutwa kwa spiriti mara kwa mara, la sivyo utaanza kusikia mikwaruzo.

Mashine ya zamani ya DVD nayo naitetea. Nyingi zina tundu la koaksia nyuma, na CD inatoka kwa 44.1 yake bila kuguswa, mradi kwenye menyu uchague PCM, yaani tarakimu za sauti zisizobanwa. Lipo jambo moja la kujua. Kwa koaksia na waya wa mwanga, saa inayopanga mwendo wa sampuli ni ya chanzo, na kigeuzi hulazimika kuifuata. Chanzo kikiyumba, kigeuzi kina kazi ya kunyoosha. Kwa USB ya aina inayoitwa asinkroni, ambayo vigeuzi vingi vya siku hizi vinayo, mambo ni kinyume: kigeuzi ndicho kinachoshika saa na kuagiza data kwa kadiri kinavyohitaji. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kumwaga pesa nyingi kwenye chanzo cha USB ni hasara. Pesa hiyo ipeleke kwenye spika.

Sasa kuta. Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na unene wa ukuta unakaribia nusu mita. Ndizo zinazotupa baridi mchana, na ndizo zinazoua waifai. Ruta iko chini karibu na daka, muziki uko ndani juu. Kisanduku cha kupokea muziki kwa waifai nilichokijaribu kilikuwa kinakata katikati ya wimbo, na sikilaumu, mawimbi hayakuwa yanafika. Tena kuna bando. Muziki wa kiwango cha CD, hata ukibanwa bila kutupwa chochote, hula kiasi cha MB 400 kwa saa. Anayesikiliza jioni nzima anajua maana yake.

Kwa hiyo muziki wangu hausafiri hewani. Uko kwenye diski ya TB 1 iliyochomekwa kwenye Pi, na kwa faili za FLAC, ambazo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote, diski hiyo inabeba CD zaidi ya 2,000. Kutoka ruta hadi kwenye Pi nimepitisha waya wa mtandao kwenye kona ya ngazi. Simu inabaki kuwa rimoti tu. Mpwa wangu alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Mjomba, mbona simu waifai yake kijiti kimoja na wimbo haukatiki?" Simu inatuma maneno machache tu, cheza hiki, ruka kile, na hayo hata mtandao dhaifu huyabeba.

Kwa nini Pi 4 na si ya 3? Kwenye Pi 3 matundu ya USB na ya waya wa mtandao yanagawana njia moja ndani. Ya 4, iliyotoka 2019, imeyatenganisha. Bei ya uzinduzi ya ile ya chini kabisa ilikuwa dola 35, lakini hapa hulipi hiyo. Ongeza faida ya muuzaji, basi mpaka Mokowe, kisha boti. Ongeza pia chaja nzuri ya volti 5 na ampea 3, kwani chaja dhaifu huifanya Pi isuesue.

Stima ndiyo iliyonifanya nichague programu kwa makini. Kompyuta inayotumia kadi ndogo ya kumbukumbu, umeme ukikatika wakati inaandika, kadi huweza kuharibika na mashine isiwake tena. Ndipo nikaweka piCorePlayer. Hiyo ikishawaka hujipakia yote kwenye kumbukumbu ya muda na kuiacha kadi bila kuandika, mpaka uiambie ihifadhi mabadiliko. Umeme ukikatika, ukirudi inawaka kama kawaida. Ndani yake nimeweka Lyrion, ile programu ya seva iliyokuwa ya Squeezebox, mashine za kucheza muziki za Logitech. Kampuni iliacha mashine hizo 2012, programu ikabaki mikononi mwa wapenzi wake, na ndiyo inayopanga maktaba yangu yote. Kurasa zake ni za Kiingereza na sura yake ni ya kizamani. Usiku wa kwanza utakuchosha kidogo, baadaye huigusi.

Stima ikienda, Pi na kigeuzi vinaendelea kwa pawabenki, na amplifaya yangu ndogo ya volti 12 inatumia betri ya sola. Laptopu, dekoda na televisheni haviwezi kukupa hivyo kwa gharama hii.

Shemeji yangu wa Malindi nimemshauri vingine. Yeye anakaa nyumba ya matofali, ruta iko chumba kimoja na spika, na hataki habari ya kadi wala seva. Kwake WiiM Mini, kisanduku kidogo cha kupokea muziki kwa waifai, yenye waya wa mwanga kwenda kwenye kigeuzi imemtosha kabisa, na kuiweka hakukumchukua hata muda wa kunywa chai. Nilimwomba jambo moja tu: kiwango cha sauti ndani ya programu kiachwe juu kabisa, kupunguza na kuongeza kufanyike kwenye amplifaya, ili tarakimu zifike kwenye kigeuzi zikiwa kama zilivyorekodiwa.