Treni zangu za HO, N, Z na G: ipi ipo mezani na ipi imerudi kwenye boksi

Wadau naandika hii maana kila nikiulizwa "nianze na saizi gani" najibu, halafu mtu anaenda kununua kitu kingine kabisa, baadae anarudi kwangu kulalamika. Treni za modeli nakusanya mwaka wa kumi huu, nina HO, nina N, nina Z mbili, na G moja niliyonunua kwa tamaa tu (herufi hizo ni majina ya saizi). Haya ni yangu mimi, mwenzangu anaweza kuwa na yake.

Nilianza na HO kama wengi. Hiyo ni 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli, upana kati ya reli na reli milimita 16.5, na jina lenyewe maana yake nusu ya O, ile kubwa ya zamani. Utamu wa HO upo mkononi, ukishika kichwa cha treni unasikia uzito, ukifungua bodi unaona mota, brashi, gia, vyote bisibisi ndogo ya kawaida inafika. Nilikua na kichwa kimoja cha dizeli kikawa kinatembea kama kinasaga kokoto, nikakifungua nikakuta gia ya plastiki kwenye ekseli imepata ufa mwembamba kama unywele, kila ekseli ikizunguka ule ufa ukikutana na jino la gia ya juu inaruka, tak, tak, tak. Nikabadilisha ekseli nzima, nusu saa haikuisha, kimya. Kwenye Z kazi hiyo hiyo ungelia.

Shida ya HO ni nafasi bana. Behewa la abiria la kweli la mita 26.4 kwenye HO linatakiwa liwe sentimita 30, ndo maana watengenezaji wengi hua wanalifupisha kidogo. Kona ya nusu kipenyo cha sentimita 36 inakula karibu sentimita 80 za meza kwa duara moja tu, na mabehewa marefu yakipita pale yanatoa mabega nje utadhani yanaruka mtaro.

Sasa kosa langu kubwa. Nilinunua mtumba mtandaoni, kwa mtu ambae simtaji, kichwa cha mvuke kizuri mno, tangazo limeandikwa HO, basi. Nakiweka relini, transfoma inakata. Nakitoa, inarudi. Nakiweka, inakata. Nikasema reli chafu, nikasugua reli usiku mzima, bure. Kumbe kile ni cha mfumo wa reli tatu, ule wanaotumia Märklin, kampuni ya Ujerumani, kina kiatu kirefu tumboni kinachogusa vidoti katikati ya njia ili kichukue umeme, na magurudumu ya kushoto na kulia hayajatenganishwa, chuma kinaenda moja kwa moja, kwahiyo ukikiweka kwenye njia ya reli mbili za DC, ambapo reli moja ni chanya na nyingine hasi, ushaziunganisha, shoti. Kichwa chenyewe kizima, hakina ubovu wowote, kimekuja tu nyumba isiyo yake. Skeli ile ile, upana ule ule, umeme mbalimbali. Nilipomuuliza muuzaji akanijibu "si nimeandika HO?" Na kweli aliandika HO, nikakosa cha kusema.

Ndugu yake HO ni OO ya Uingereza. Njia ile ile ya 16.5 ila bodi ni 1:76, kwa sababu treni za Uingereza ni nyembamba na mota za enzi zile zilikua hazienei ndani ya bodi ya 1:87, wakaona waikuze bodi njia waiache ilivyo. Inatembea kwenye reli zangu bila tatizo, ila jaribu kusimamisha watu wa HO kwenye stesheni ya OO, wote wanakua kama watoto wa shule wanasubiri mzazi.

N ndo iliyoniteka na sikutegemea. Reli milimita 9, uwiano 1:160, ila angalia hapo, ya Uingereza ni 1:148 na ya Japani kawaida 1:150 isipokua Shinkansen, zile treni zao za kasi, ambazo ni 1:160, kwahiyo ukichanganya jicho linagundua. Lile behewa la sentimita 30 huku ni sentimita 16 na nusu. Maana yake mabehewa kumi na kichwa chake yanaingia kwenye mita mbili, na treni ndefu inayopinda taratibu na mkia bado upo kona ya kwanza, aisee, hiyo HO yangu haijawahi kunipa. Reli za Kato na Tomix, watengenezaji wa Japani, zina tuta lake la kokoto la plastiki, unabana klik klik, ukimaliza unabomoa unarudisha kwenye boksi. Ubaya wake ni kupandisha mabehewa relini kwa vidole, magurudumu manne yamekaa moja limening'inia, unarudia, unatukana, unarudia. Nunua kile kiplastiki cha kuteremshia mabehewa, usijifanye una mikono ya dhahabu.

Z sasa. 1:220, reli milimita 6.5, ilitoka 1972, nzuri hadi unaogopa kupumua karibu. Lakini kichwa ni chepesi, hakikandamizi reli, vumbi kidogo tu linakisimamisha. Kimoja changu kilikua kinatembea kwa kushtuka shtuka, nikakuta unywele umejizungusha kwenye ekseli. Nimekaa na lenzi na koleo dogo, skrubu moja ikaruka. Nilitafuta siku tatu, nimepiga magoti, nimemulika na tochi ya simu, nimepekua mpaka pochi ya vumbi ya mashine ya kufagilia. Ilikua imenata kwenye sumaku ya mota ya HO iliyokua wazi pembeni yangu muda wote.

(Kusafisha reli, saizi yoyote ile: kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti. Msasa usiguse, michirizi yake ndo inakua nyumba ya uchafu.)

G ni milimita 45, za LGB, chapa ya Ujerumani, zilianza 1968 kwa 1:22.5, zimetengenezwa kutembea hadi bustanini. Yangu ipo juu ya kabati. Watoto wakija ndo wanayoiona ya kwanza na ndo pekee ninayowaachia waishike, haivunjiki kirahisi.

Maksi zangu: N tisa juu ya kumi, HO nane na kama unapenda kufungua fungua vitu mpe tisa, Z tano na hizo ni za uzuri tu, G sina haki ya kuipa maksi maana haijatembea hata mita hamsini tangu niinunue.

Z moja naiuza, nyingine nimeiweka kwenye kioo bila reli. Na kile kichwa cha mvuke cha reli tatu bado ninacho, mwenye njia yake aseme tubadilishane, picha ya tumbo lake nitatuma kabla hujaiomba.