Triga iliyonitia aibu mbele ya babu wa watu (uzoefu wangu na flashi ya nje ya kamera)

Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Nguvu ya flashi ni kiasi gani, betri yake ya aina gani, inafika mita ngapi, hayo yote yapo kwenye boksi na kila mahali, mi siyarudii. Nataka niongelee kidude kimoja tu, ile triga inayokaa juu ya kamera. Kazi yake ni moja, wewe ukibonyeza shata (kitufe cha kupigia picha), triga iiambie flashi iliyoko kule kwenye stendi iwake. Basi. Hatujaituma kitu kingine. Na hicho kimoja ikakishindwa.

Kwa ambaye hajaingia kwenye haya mambo, flashi ikikaa juu ya kamera inamchapa mtu usoni moja kwa moja, uso unakuwa bapa, paji linang'aa mafuta, na akiwa karibu na ukuta kinatokea kivuli cheusi nyuma yake cha ajabu. Hiyo hiyo flashi ukiitoa, ukaipeleka pembeni kama digrii 45 na juu kidogo ya usawa wa macho, ukaivalisha mwavuli mweupe au softboksi (lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), mtu yule yule anapata taya, anapata mashavu, macho yanapata kile kinukta cha mwanga kinachofanya aonekane yuko hai. Ukishaonja hiyo kurudi nyuma ni ngumu. Sasa kamera na flashi zikiachana lazima ziwe na njia ya kuongea. Kuna waya. Kuna ile ya flashi kuwaka baada ya kuona flashi nyingine imewaka, ambayo ukitoka nje kwenye jua inakuwa kipofu. Na kuna redio, ndiyo hizi triga za 2.4 GHz ambazo kila mtu anazo siku hizi. Nikachukua redio, ya kampuni ile ile iliyotengeneza flashi, ili baadaye mtu asije akaniambia vifaa vyangu haviendani.

Miezi ya kwanza sikuwa na neno. Niseme ukweli, niliisifia mpaka watu wakanichoka. Unakaa na kamera yako, unapandisha na kushusha nguvu ya flashi kwa kidole bila kwenda kwenye stendi, mchana kweupe unafungua tundu la lenzi wazi sana, mpaka f/2, na shata inaenda 1/2000 ya sekunde, nyuma ya mtu panayeyuka na uso umewaka vizuri. Bila triga inayojua hiyo kazi huwezi, maana shata ya kamera ni mapazia mawili, ukivuka 1/200 au 1/250 hivi pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, flashi ikiwaka mara moja inakuta kipande tu ndicho kiko wazi, picha inatoka na mkanda mweusi. Triga inaiambia flashi ipigepige haraka haraka muda wote ule mwanya unapopita. Inakula nguvu ya flashi sana, ndiyo, lazima uisogeze karibu na mtu, na ukumbuke umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo. Lakini inafanya kazi. Ilikuwa inafanya.

Sasa juzi kati nikaitwa kupiga picha za familia moja, na mlengwa mkuu ni babu yao. Babu hapendi kamera, nimeambiwa mapema, "ukimpata dakika kumi shukuru." Nikafika kabla, nikasimamisha stendi, nikaning'iniza mfuko wa mchanga kwenye mguu (upepo kidogo tu na mwavuli unakuwa tanga, nawaonya), nikajaribu, ikawaka. Jioni, jua linazama nyuma ya pale nilipotaka akae, anga ina rangi nzuri mno. Hapo unafanya hivi, unapima anga kwanza, unashusha mwanga unaoingia kwenye kamera mpaka rangi ikolee, mi nilikuwa na shata 1/200, lenzi f/5.6, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, halafu uso unauachia flashi. Maana yake mtu mwenyewe bila flashi ni kivuli cheusi kabisa. Shikeni hilo maana ndipo msiba ulipo.

Babu akaja, akakaa, mikono juu ya fimbo, uso umekaza kama wa kitambulisho. Picha za mwanzo zikatoka safi, za heshima, ila zile ambazo kila mzee anazo. Nikasema isiwe tabu, tutafika. Mjukuu mmoja mdogo akaropoka kitu nyuma yangu, sikukisikia hata, babu akacheka. Sio kutabasamu jamani, alicheka, kichwa kikarudi nyuma, pengo la mbele likaonekana, mkono mmoja ukaacha fimbo ukapiga goti. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikabonyeza tena. Flashi imetulia kwenye stendi, taa yake ya kuonyesha iko tayari inawaka, inanitazama tu.

Kwenye kioo cha kamera, anga nzuri kweli na umbo jeusi la mtu anayecheka.

Babu akamaliza kucheka, akarudisha mkono kwenye fimbo na uso wake ukarudi ule ule. "Tayari, kijana?" "Bado kidogo babu, samahani." Akaiangalia ile flashi, akaniangalia mimi, akasema, "Hiyo taa yako imelala?" Familia nzima ikaangua kicheko, na babu safari hii hata hakutabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kuna mtu hapa tayari anataka kuandika ungenyanyua vivuli kwenye kompyuta. Nimenyanyua kaka. Nilikaa na zile faili mpaka macho yakauma. Unapata uso wa kijivu wenye chengachenga, ngozi haina rangi ya ngozi, macho hayana kile kinukta, na lile pengo ambalo ndilo lilikuwa picha yenyewe ni doa tu. Mwanga ambao haukuwepo hauwezi kuletwa baadaye na programu.

Turudi pale pale. Nikabadilisha betri. Nikabadilisha chaneli. Nikazima nikawasha vyote viwili. Halafu kikatokea kitu cha kuchanganya, kwenye triga kuna kitufe cha kujaribia, nikikibonyeza flashi inawaka kila mara. Kwa hiyo redio nzima, flashi nzima, zinasikilizana. Nikibonyeza shata, mara inawaka mara haiwaki. Na kioo cha triga kinaonyesha kila kitu kiko sawa, namba zote zimekaa, kinadanganya bila aibu. Nikaja kugundua kwa bahati, nilikuwa nimeishikilia triga kwa kidole gumba kuizuia isicheze, ikawaka. Nikatoa kidole, ikagoma. Nikakandamiza, ikawaka.

Sasa huwezi kupiga picha ya mtu huku umekandamiza kidude juu ya kamera kwa mkono mmoja, jicho kwenye tundu na babu anauliza kama umemaliza. Kilichoniokoa ni waya. Ule waya wa sinki wa kizamani, wa kuunganisha kamera na flashi moja kwa moja, ambao nimekuwa nikiuhamisha kutoka begi hadi begi bila sababu, mfupi, umejikunja, unachekesha. Nikachomeka huku nikachomeka kule, nguvu ya flashi nikawa naenda kuiweka mwenyewe kwa miguu, na shata nikabaki 1/200 maana waya hauna ufundi mwingine zaidi ya kusema waka. Haukukosa hata moja. Familia walizipenda picha, wakanishukuru, babu mwenyewe akaniambia nimejitahidi. Wao hawajui walichokosa. Mimi najua.

Nyumbani nikaichukua triga nikaigeuza chini ya taa. Kwenye ule mguu wake unaoingia kwenye kamera kuna vipini vidogo vya shaba, kila kimoja kimekaa juu ya springi yake. Nikavikandamiza kimoja kimoja kwa kucha. Vya pembeni, ukiachia vinaruka juu papo hapo. Cha katikati, kile kinene, kinazama halafu kinapanda kwa uvivu, na mara nyingine kinaishia nusu. Na mguu wenyewe wa plastiki, hata ukaze ile pete ya kufungia mpaka mwisho, unacheza kidogo. Kwa hiyo jibu liko wazi. Kile cha katikati ndicho kinachopeleka amri ya kuwaka. Vya pembeni vinapeleka stori nyingine, ndiyo maana kioo kilikuwa kinasoma vizuri wakati amri yenyewe haifiki. Kamera nikaijaribu na triga ya rafiki yangu, haikukosa. Chanzo cha aibu yote ile ni springi ndogo kuliko punje ya mchele.

Hapo bado sikuwa na hasira hizi mnazoziona. Vifaa vinaharibika, tunajua. Nikarekodi video safi, kidole kikiwa juu inawaka, kidole kikitoka haiwaki, na kile kipini kikizama bila kurudi, karibu kabisa, kinaonekana. Nikawatumia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza: "Ndugu mteja, tafadhali hakikisha kifaa kimewashwa." Nikajibu kwa adabu kwamba kimewashwa, video inaonyesha. Jibu la pili: "Ndugu mteja, je, umesoma mwongozo?" Nikasema nimesoma, naomba mtu aangalie video. Kimya. Siku zikapita. Nikawapigia.

Akapokea jamaa mmoja, sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi. Nikamweleza kote, kipini cha katikati, springi, mguu unacheza. Akaniacha nikamaliza. Halafu akasema, namnukuu kwa kadiri ninavyokumbuka, "Kaka, hii triga wanaitumia wapiga picha wazoefu na hawajawahi kulalamika. Mi nakushauri anza na mwanga wa dirishani kwanza, ukizoea ndio uje kwenye flashi."

Dirishani!

Mi mwanga wa dirishani nausujudia, picha zangu nyingi ninazozipenda ni za dirishani, hilo si tusi kwa dirisha. Lakini wewe mtu hujaangalia video, hujauliza hata kamera yangu ni ipi, unanipeleka shule? Kipini hakirudi juu, ndugu yangu. Hakijui kama mimi ni mzoefu au nimeanza asubuhi. Nilikata simu kabla sijasema kitu ambacho ningekijutia, na usiku huo ndio nikaamua hii kampuni sinunui tena hata betri, na mtu yeyote atakayeniuliza namwambia akimbie.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Ila kuna kilichofuata, na haki itendeke.

Wiki chache mbele kikaja kifurushi, sikukiomba. Triga mpya. Nikaigeuza kabla hata sijaiwasha, mguu ni wa chuma, vipini vyote vinaruka juu, ukikaza pete haichezi kabisa. Nikalegea kidogo. Nikasema kumbe kuna mtu aliangalia video, labda yule wa kwenye simu alikuwa na siku mbaya tu, labda niwafutie. Ndani kuna karatasi, nikaisoma nikitabasamu kabisa: wamenibadilishia kwa kunijali kama mteja, ingawa uchunguzi wao umebaini kifaa changu hakina hitilafu.

Uchunguzi gani? Kifaa chenyewe ninacho mimi hapa, mezani, hawajawahi kukigusa!

Haya. Kwa hiyo mkiniuliza nunua au usinunue, nashindwa hata kujipanga. Flashi yao ni nzuri, siwezi kusema uongo, rangi ya mwanga haiyumbi kutoka picha hadi picha, na ikishawaka inajaa chaji haraka, kabla mtu hajachoka kukaa mkao umeshapiga nyingine. Flashi nunua. Triga, ukiona mguu wa plastiki iache hapo hapo dukani, ukiona wa chuma ichukue lakini bonyeza vile vipini kwa kucha mbele ya muuzaji, hasa cha katikati, ukiachia kiruke. Akikukasirikia mwache akasirike. Na nunua waya wa sinki, bei yake ukilinganisha na hayo mengine ni ya kuchekesha. Mi sasa wangu unakaa mfuko wa mbele kabisa wa begi. Huduma kwa wateja sitaki hata kuipa nyota, waanze wao na dirisha.

Na hii triga mpya nimeshaipeleka juani, kwenye vumbi, nimeiangusha mara moja kwenye zege, nimepiga nayo watoto wasiotulia sekunde, haijakosa hata picha moja, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana kumbe wanajua kuitengeneza.