Unataka lifti nyumbani? Anza na shimo lake

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, mama yangu alikaa ghorofani siku tisa bila kushuka. Magoti yake hayawezi ngazi, na lifti tuliyomwekea ilikuwa imegoma, shimo lake limejaa maji. Siku ya kumi alikuwa na kliniki. Wadogo zangu wawili wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki wakamteremsha ngazi moja moja, naye kafumba macho, mkono shingoni kwa kitinda mimba wake. Mama ni mtu wa haya sana. Hakusema neno mpaka tulipofika kwenye gari, na alichosema ni kwamba anaomba asipandishwe tena juu.

Nyumba yetu iko Msasani Bonde la Mpunga, Dar es Salaam. Jina linajieleza, mpunga hauoti pakavu. Lakini katika miezi yote tuliyokaa na wauzaji tukilinganisha vioo, taa na vitufe, hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yako umbali gani chini ya ardhi yetu. Kwa hiyo hapa sitawaeleza habari za uzito, rangi wala urembo, hayo yamejaa kwenye vipeperushi vyao. Nataka tuzungumze shimo.

Lifti ya kamba za chuma, kama zile za maofisini kule Posta, huhitaji shimo chini ya sakafu ya chini kabisa, mara nyingi la mita moja au zaidi. Humo ndimo zinamokaa springi za kuipokea kabini ikipitiliza, kapi linalokaza kamba ya gavana (ile inayofunga breki lifti ikizidisha mwendo), na swichi za usalama. Swichi hizo zimeunganishwa kwa mfuatano. Moja ikikatika, lifti nzima inasimama. Maji yakizifikia, basi, na ni heri isimame kuliko iendelee kutembea. Na maji ya mwambao yana chumvi, kwa hiyo hata ukiyanyonya yote, kutu umeshaachiwa humo ndani.

Kiwango cha Ulaya cha EN 81-20 kinataka shimo lisipenyeze maji. Muuzaji wetu alikuwa na karatasi nzuri inayotaja kiwango hicho. Maji yalipoingia akasema shimo ni kazi ya fundi ujenzi. Fundi ujenzi akasema yeye alichimba vipimo alivyopewa. Wote wawili walikuwa wameshalipwa.

Sasa nizipange lifti zenyewe ninavyoona mimi.

Ya kwanza kwangu ni Cibes, ya Sweden, na sifichi kwamba naipendelea, maana ndiyo tuliyoweka baada ya kung'oa ile ya mwanzo. Yetu ni A5000. Haina kamba. Kuna nguzo ndefu ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu, na jukwaa linapanda juu yake kwa nati kubwa inayozungushwa na mota. Shafti, yaani kizimba inamopita, inakuja nayo, paneli za chuma na kioo, kwa hiyo hujengi ukuta wa zege. Chini inataka sentimita 5 tu, na hata hizo ukizikosa unawekewa kimteremko kifupi mlangoni. Lile shimo la zamani tulilijaza kifusi na kumwaga zege juu. Masika iliyofuata maji yalifika hadi uani, mama akapanda na kushuka kama kawaida. Umeme ukikatika, betri inamshusha hadi chini. Ulizia mapema betri hiyo inabadilishwa baada ya muda gani na nani anayo hapa nchini.

Kasoro zake nazijua. Ni ya polepole. Lifti za jukwaa za namna hii zinafuata sheria ya mashine ya Ulaya inayozizuia kuzidi mita 0.15 kwa sekunde, kwa hiyo ghorofa ya mita 3 ni sekunde 20 hivi. Halafu lazima ushikilie kitufe muda wote wa safari, ukiachia inasimama. Kama vidole vya mzee wako vimekakamaa, mpeleke akajaribu kwa mkono wake mwenyewe kabla hujalipa hata shilingi. Sisi tulimpeleka mama.

Aritco, Waswidi pia, ni ya skrubu vilevile na haihitaji shimo refu. Ni nzuri kwa macho kuliko yetu. Ukipata fundi wake aliye karibu nawe, sitabishana na wewe.

Ya tatu ni lifti ya hewa, ya kampuni ya PVE. Ni bomba pana linaloonyesha ndani, linalosimama juu ya sakafu bila shimo lolote. Feni za juu hunyonya hewa na kabini ikapanda. Umeme ukikatika inashuka yenyewe taratibu, na hilo nalipenda mno katika nchi hii. Ila modeli ndogo hazipokei kiti cha magurudumu. Ni ile kubwa tu, PVE52, ndiyo inayokiingiza. Mtu anayemnunulia mzazi asisahau hilo, maana leo anatembea na mkongojo, kesho hujui. Pia ina kelele wakati wa kupanda.

Lifti za mafuta, yaani za haidroliki, shimo lake ni fupi lakini lipo. Goba au Salasala, penye mwinuko, sina neno. Bondeni hapana.

Za bei nafuu zinazoagizwa China, zikiwa za kamba, nazo zinataka shimo. Siziweki kwenye orodha yangu.

Kama mchoraji wako ameshachora shimo na huwezi kurudi nyuma, chimba kwanza shimo la majaribio, tena kati ya Machi na Mei, si Agosti ardhi ikiwa imekauka. Liache siku mbili uone maji yanasimama wapi. Muulize jirani mwenye kisima. Ukuta wa shimo upakwe dawa ya kuzuia maji kwa upande wa nje kabla ya kurudishia udongo, maana ukishafukia, kupaka ndani ni kubembeleza tu. Msinidanganye na pampu. Mvua kubwa na kukatika kwa umeme kwetu huja pamoja, na pampu bila umeme ni chuma kinachooga.

Kuhusu bei, naona uchungu kusema. Ukiuliza kwa simu unaambiwa "inategemea". Ukifika ofisini unapewa profoma (ankara ya makadirio) ya dola, wakati kanuni za 2025 zinakataza kutaja bei za humu nchini kwa fedha za kigeni. VAT ya asilimia 18 haimo. Kupandisha umeme wa njia tatu haimo. Jukwaa la mafundi haimo, kubomoa na kurudishia plasta haimo. Unajikuta umeshalipa malipo ya awali, ndipo yanaanza kuja moja moja, na huwezi kurudi nyuma kwa sababu mzigo uko baharini.

Safari ya pili nilikwenda na sentensi moja nimeiandika nyumbani: maji yakiingia chini ya lifti, nani analipa, na ndani ya siku ngapi. Nikataka iingizwe kwenye mkataba. Nilikwenda kwa wauzaji watatu. Wawili walicheka wakaniambia dada usiwe na wasiwasi. Mmoja akachukua kalamu.