Nimepimwa ini kwa FibroScan hapa Dar: wenzangu wa CTC (kliniki ya VVU), someni kabla hamjatoa hela

FibroScan ni mashine inayopima ugumu na mafuta ya ini kutokea juu ya ngozi. Sindano hakuna, damu haitolewi, na haiumi. Naanza na hilo kwa sababu wengi tunaokutana kwenye foleni ya dawa bado wanaamini kupima ini lazima utobolewe ubavuni na kukatwa kinyama.

Nina miaka 46, na ARV nilianza enzi za stavudini, ile iliyotubonyeza mashavu na kuwaachia baadhi yetu mafuta kwenye ini. Sasa niko kwenye TLD, kidonge kimoja chenye ARV tatu, na kilo zimepanda. Daktari wangu hakukimbilia mashine. Alifungua faili, akachukua majibu ya damu yaliyokuwemo, akapiga hesabu ya FIB-4, ya kukadiria makovu kwenye ini, kwenye simu: umri mara AST, yaani 46 mara 40, ukagawanya kwa chembe sahani (210) mara kipeuo cha pili cha ALT (36, kipeuo chake 6); AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu. Ikaja 1.46. Ingekuwa chini ya 1.3 ningerudi nyumbani, ingezidi 2.67 ningepelekwa kwa bingwa wa ini. Nimeangukia katikati, ndipo nikaandikiwa mashine. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2006 kutokana na wagonjwa wenye VVU na homa ya ini C kwa pamoja, kwa hiyo sisi si wageni ndani yake. Ombeni mpigiwe kwanza, haina gharama kama vipimo vya damu mnavyo.

Kwenye mashine nilijilipia mfukoni. Unatakiwa ukae angalau saa 3 bila kula, maana chakula huongeza damu inayopita kwenye ini na namba inapanda bure. Nje ya geti kuna mama anakaanga chapati, sijui nani alimruhusu. Unalala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, unapakwa jeli, kisha kifaa kinagonga katikati ya mbavu kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kinapima kasi ya wimbi: ini likikakamaa, wimbi hupita haraka zaidi. Dakika chache, umemaliza.

Huduma ya mapokezi sikuipenda. Dada aliniuliza "wewe ni wa CTC ipi?" kwa sauti iliyofika hadi kwenye viti vya nyuma. Na majibu nilikabidhiwa karatasi tu, bila neno: kilopaskali 6.1, CAP 291. Nilikaa nayo kwenye mwendokasi nikidhani 291 ndiyo kifo.

Daktari wa CTC ndiye aliyenitafsiria. Kilopaskali ni ugumu wa ini: chini ya 8, makovu makubwa hayatarajiwi. Hiyo 291 ni mafuta, na yapo ya kutosha, kwa hiyo soda na chipsi mayai za usiku zimepigwa marufuku. TLD naendelea nayo.

Kipimo nakipa nne kati ya tano, mapokezi mbili. Mkienda, angalieni pia IQR kwenye karatasi, yaani jinsi vipimo vilivyopishana: kipimo kikivuka kilopaskali 7 na IQR ikazidi asilimia 30, ombeni warudie kabla hamjashuka kitandani.